Picha ya Babu: Hii Ngome ya Mtoni Iko Wapi?

SWALI: Shikamoo kaka mhariri. Babu yetu hapa Moshi alituachia picha kubwa ya rangi alopewa na Mjerumani wa misheni. Inaonyesha mto mpana, katikati kuna ngome nyeupe ina mnara na vimnara, upande mmoja imechongoka, na mlimani nyuma kuna ngome nyingine. Kuna sahihi ila haisomeki. Mjomba anasema ni boma la Wajerumani hapa hapa Tanganyika, dalali wa Arusha anapiga simu kila siku anaitaka kwa laki tatu, mama naye anataka kuifuta na sabuni ya unga maana imekuwa njano. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba dada. Kwanza mama aache hiyo sabuni!

Mjomba hapo kachemka. Boma la Arusha la mwaka 1900 liko nchi kavu na sasa ni makumbusho, ila hiyo yenu kwa maelezo yako ni ngome ya Pfalzgrafenstein, kwenye kisiwa kidogo Mto Rhine kule Ujerumani, mbele ya mji wa Kaub, na ile ya mlimani itakuwa Gutenfels. Mnara ulianza kujengwa miaka ya 1320 kwa amri ya mfalme Ludwig wa Bavaria ili meli zilipe ushuru, yani ni mizani ya barabarani ila ya majini, mnyororo unavutwa mtoni na usipolipa hupiti. Hiyo ncha imeelekea maji yanakotoka, kazi yake kupasua mabarafu ya kipupwe. Kama unaona askari na daraja la maboti basi ni Blücher, jemadari wa Prussia (dola ya Kijerumani ya enzi hizo), anavusha jeshi kumfuata Napoleon, Januari 1814, nalo limechorwa sana.

Sasa thamani. Karne ya 19 stima zilileta watalii kibao Rhine, kila mtu anataka picha ya kupeleka kwao, kwahiyo zilichorwa nyingi na zikachapwa nyingi zaidi, hata hizo za kuchapa zilipakwa vanishi na kugandamizwa zifanane na kitambaa cha wachoraji, kwahiyo ukigusa tu utadanganyika. Chukua kioo cha kukuzia uangalie paa la mnara, ukiona vidoti vidoti ni chapa. Halafu iinamishe dirishani: mikwaruzo ya brashi ya kweli hufuata umbo, inazunguka na mnara, inalala na maji, lakini ikiwa mikwaruzo iko sawasawa kuanzia mbinguni hadi mtoni, hiyo ni ya mashine.

Unjano mara nyingi ni vanishi iliyozeeka, anaitoa fundi wa picha za zamani, sio maji, wala kiazi kilichokatwa kama wanavyoshauriana watu. Isikae karibu na jiko, vumbi mlifute kwa brashi laini kama rangi haibanduki.

Piga picha mbele, nyuma, na sahihi kwa karibu ukiwa mchana, kuna minada ya sanaa Ujerumani inapokea kwa imeili na kukupa makadirio. Dalali asubiri, na akiendelea kusumbua muulize yeye anaiuza wapi.