Ra, Khepri, Atum, Aten: uanze na nani?

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini Wamisri wa kale walikuwa na miungu wa jua wengi hivyo, na umchague nani kwa wasilisho lako la darasani. Mchague Ra, kisha mfuate safari yake ya siku moja. Wengine utakutana nao njiani.

Asubuhi jua ni Khepri, mwenye sura ya mdudu anayebingirisha donge la kinyesi. Mchana ni Ra mwenye kichwa cha kipanga. Jioni ni Atum. Usiku hupita kuzimu kwa mashua, na huko joka Apofis humvizia; likishinda, hakuchi tena. Hapo usiharakishe! Wanafunzi wenzako wakiielewa hofu hiyo, wataelewa kwa nini makuhani walisoma maapizo dhidi ya joka hilo hekaluni.

Aten mweke kando. Yeye ni duara la jua lenyewe, miale yake ikiishia kwenye viganja vya mikono. Farao Akhenaten alimtukuza katika karne ya 14 KK, akamfukuza Amun, mungu mkuu wa wakati huo, lakini baada ya kifo chake Amun alirudishiwa hadhi.

Tafuta pia picha za Abu Simbel, hekalu la Farao Ramses II. Karibu na tarehe 22 Februari na 22 Oktoba, miale ya asubuhi hupenya hadi chumba cha ndani kabisa na kuziangaza sanamu zilizoketi humo, isipokuwa ya Ptah, mungu aliyehusishwa na kuzimu. Onyesha hiyo kwanza, kabla hujasema neno.