Daktari mgeni jeshini: hiyo dripu na gari lililowashwa ndivyo vilivyoniponza

Futa hiyo orodha yako. Nimesoma uzi mara mbili: umemaliza mwaka wako wa mafunzo wodini, unaenda kuwa daktari wa kikosi kwa miaka miwili, unauliza ubebe nini, cheo kinakuwaje, mkataba ukiisha unatokaje, na kama ujuzi wako utapata kutu. Sawa. Ila katikati ukapachika hivi: "Kuhusu joto nimejipanga, nina dripu za kutosha, Panadol, na gari la wagonjwa litakuwa limewashwa muda wote." Hapo ndipo chai iliponipalia. Maneno hayo niliyasema mimi, karibu yote, miaka mingi iliyopita, na kuna kijana aliyalipia.

Niliripoti kambini na nyota mbili mabegani, akili yote iko kwenye risasi. Begi langu lilikuwa na nyuzi za kushonea, mirija ya kifua na mikanda minne ya kukaza mguu unaovuja damu. Daktari wa vita huyo! Wiki ya kwanza nikatibu malengelenge, fangasi, kuhara na jino moja.

Daktari niliyempokea kijiti aliniachia funguo, rejista na ushauri mmoja: "Kuruta akianguka, ama anatega ama kaishiwa maji. Mtundikie dripu, aamke, arudi kwenye mstari." Alisema anacheka, kama mtu asiyewahi kukosea. Mimi nikaandika kwenye daftari! Daftari ninalo mpaka leo. Yeye nasikia sasa anafundisha wengine. Namtakia afya njema, ili siku moja tukutane.

Sasa sikia. Mwendo wa kilomita 12 na mizigo mgongoni, jua halijakolea lakini hewa nzito, jasho halikauki. Aliyeanguka hakuwa mnene wala mvivu. Ndiye aliyekuwa mbele kila siku. Baadaye nikajua alikuwa anaharisha tangu juzi yake na akaficha asiachwe na wenzake. Kilomita moja kabla ya mwisho akaanza kuyumba, akamtukana sajenti ambaye hata mimi nilikuwa namwogopa, kisha akaenda chini.

Nilimfikia ndani ya dakika tatu. Jasho linamtiririka. Nikajisemea, kitabu kinasema kiharusi cha joto, yaani mwili kuchemka mpaka akili inaruka, ngozi huwa kavu, huyu kalowa, basi sicho. Kipimajoto kwapani: 38.4. Nikashusha pumzi. Nikatafuta mshipa, nikakosa, nikatafuta tena, dripu ikaingia, tukampakia. Dakika 50 barabarani, madirisha tumefunga kwa sababu ya vumbi. Yaani nilimchukua mtu anayeungua nikamweka kwenye oveni yenye king'ora.

Njiani akaanza kutukutika kama mwenye kifafa. Tulipofika, nesi wa zamu alimpima kwa njia ya haja kubwa kabla hata hajaniuliza mimi ni nani: 41.6. Hiyo ni baada ya saa nzima. Piga hesabu mwenyewe ilikuwa ngapi pale nilipokuwa nashusha pumzi.

Misuli ilikuwa imevunjikavunjika, mkojo mweusi, figo zikagoma, ini likafuata, damu ikakataa kuganda. Aliishi. Wiki kadhaa kwenye mashine ya kusafisha damu, jeshi likaishia hapo, na mara ya mwisho nilipomwona alikuwa anatafuta maneno mepesi kabla ya kuyatamka. Akanishukuru. Mama yake naye akanishukuru! Nilishindwa pa kuangalia.

Na hatua 200 kutoka alipoanguka kulikuwa na tangi la maji ya kufulia kombati. Limejaa. Tulipita kando yake na gari.

POZA KWANZA, SAFIRISHA BAADAYE. Iandike mkononi kwa kalamu ukipenda. Mtu akianguka mazoezini na akili imemruka, anatukana, anaweweseka, hajui yuko wapi, huyo ni joto mpaka kipimo cha njia ya haja kubwa kikatae. Kwapa, mdomo, sikio, paji la uso, vyote vinadanganya mtu akitoka kukimbia. Ikisoma zaidi ya 40, usijadiliane na mtu. Huna kipimajoto? Poza hivyo hivyo. Jasho lisikuzuge, wengi wa aina hii wanatoka jasho vizuri tu.

Mtumbukize kwenye maji ya barafu mpaka shingoni, mmoja amshike asizame. Joto linashuka karibu digrii moja kila dakika tano, na unataka awe chini ya 39 ndani ya nusu saa tangu aanguke. Akifika hapo mtoe asije akapoa kupita kiasi, ndipo gari liondoke. Tangi hakuna? Turubai, watu sita washike kingo, mwaga maji na barafu, wayatikise. Barafu hakuna? Maji ya bomba, mengi, na upepo. Kuna afande atakuja kusema unamuua kijana kwa baridi. Mwambie ashike ukingo wa turubai.

Panadol haina kazi hapa. Kwenye homa ya maambukizi ubongo wenyewe umepandisha kiwango cha joto, dawa inakishusha. Hapa hakuna kilichopandishwa, mwili umezidiwa na joto lake, na ukimpa unaliongezea mzigo ini ambalo tayari linaungua. Mwaka 2015 ilitoka ripoti ya mbio za Falmouth, Marekani: wagonjwa 274 wa kiharusi cha joto katika miaka 18, wakatumbukizwa kwenye maji ya barafu pale pale, hakufa hata mmoja. Siri yao kubwa? Mabeseni. Niliisoma nimekaa, nikajikuta nimesimama.

Na usije ukageuka upande wa pili ukawaamuru wanywe maji mpaka watapike. Maji yakizidi, sodiamu, yaani chumvi ya damuni, inashuka, nao wanaweweseka vilevile, ndiyo maana nasema pima. Makuruta wapya wape siku 10 hadi 14 wazoee joto kabla ya kuwabebesha mizigo, na aliyeharisha au kuugua homa juzi abaki. Atakuchukia. Acha akuchukie.

Uliuliza pia... ndiyo, ujuzi. Wa wodini utapata kutu kidogo, utarudi. Cheo na mkataba watakujibu wengine, mimi mkono umeanza kutetemeka. Ukiripoti, kabla hujaulizia chumba chako, waulize tangi la maji liko wapi na barafu inatoka wapi. Na hiyo Panadol itoe kwenye begi leo, weka kipimajoto cha nyuma. Viwili. Cha kwanza kitapotea.