Maswali ya bustani: udongo mzito, nyanya zinazooza kitako na mti karibu na ukuta

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu wanaoshika jembe kwa mara ya kwanza. Yaliyofanana nimeyaunganisha. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu ndiyo yanayowakatisha tamaa wengi mapema.

Shikamoo, bibi shamba. Tumehamia nyumba mpya na uwanja wake ni mtupu kabisa. Nataka bustani ya mboga na maua kidogo. Ninunue nini kwanza?

Marahaba, mwanangu. Usinunue kitu kwanza. Chagua siku ya jua, utoke nje asubuhi, adhuhuri na alasiri, na kila mara uchore kwenye karatasi mahali palipo na jua na palipo na kivuli. Nyanya, pilipili, biringanya na matango huhitaji jua la moja kwa moja kwa jumla ya saa 6 hadi 8 kwa siku. Spinachi na saladi huvumilia hata saa 3 au 4. Ukipanda nyanya kivulini utapata majani marefu na matunda ya kuhesabu, na hakuna mbolea itakayokusaidia.

Mvua ikinyesha, toka tena uone maji yanatuama wapi. Halafu angalia bomba liko wapi. Mimi naona jambo hili lina uzito kuliko watu wanavyodhani: bustani iliyo nyuma ya nyumba, mbali na maji na mbali na macho, husahaulika. Iweke unapopita kila siku, ili ukienda kuanika nguo uone jani lililotobolewa leo, si wiki ijayo.

Nyumba mpya ina tatizo jingine. Mafundi wakimaliza kazi huacha vipande vya matofali, saruji iliyomwagika na udongo wa chini uliochimbwa kwenye msingi, kisha malori yameukanyaga wote ukashindiliwa. Chimba shimo la sentimita 30 sehemu mbili tatu ujue una nini. Mabaki ya saruji yaokote yote unayoyaona, kwa kuwa huongeza chokaa kwenye udongo, na mimea mingi ya bustani hupenda udongo wenye pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, ya kati ya 6 na 7.

Ukisharidhika na mahali, lima tuta moja tu. Upana usizidi mita 1.2, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande bila kukanyaga ndani. Kama tuta linaegemea ukuta, sentimita 60 zinatosha. Tuta moja linalotunzwa vizuri litakulisha na kukufundisha zaidi ya uwanja mzima uliolimwa kwa shauku ya wiki ya kwanza.

Udongo wetu ukinyeshewa unanata kwenye viatu, ukikauka unapasuka. Jirani ananishauri nichanganye mchanga. Nifanye hivyo?

Hapana, tafadhali usifanye hivyo. Mchanga kidogo ukichanganywa na mfinyanzi haulainishi chochote. Chembe ndogo za mfinyanzi hujaza nafasi zote kati ya chembe za mchanga, na ukikauka unabaki na kitu kigumu kuliko ulichoanza nacho. Ili mchanga ulete tofauti ungehitaji kumwaga mwingi mno, karibu kubadilisha udongo wenyewe.

Kabla ya yote, ujue udongo wako. Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, ijaze udongo uliopondwa na kutolewa mawe hadi theluthi moja, ongeza maji mpaka karibu ijae, funga, tikisa kwa nguvu, kisha iweke mahali isiguswe. Mchanga hutua chini katika dakika ya kwanza au ya pili, nawe utauona kwa macho. Tope laini hufuata kwa saa kadhaa. Mfinyanzi huelea kwa siku nzima au zaidi na maji hubaki na rangi. Mfinyanzi ukishatua, pima matabaka kwa rula. Udongo ambao watu wa bustani huutamani una takriban asilimia 40 za mchanga, 40 za tope laini na 20 za mfinyanzi, lakini usihuzunike kama wako uko mbali na hapo. Mfinyanzi una hazina yake: unashika maji na virutubisho ambavyo udongo wa kichanga hauwezi kuvishika.

Dawa yake ni mboji, au samadi iliyooza vizuri. Tandaza unene wa sentimita 5 hadi 8 juu ya tuta, uchanganye na sentimita 15 au 20 za juu. Rudia kila msimu. Vijidudu na minyoo wa ardhini watafanya kazi iliyobaki: gundi wanazozitoa wanapomeng'enya mboji ndizo zinazoshikanisha chembe za mfinyanzi kuwa punje punje, na katikati ya punje hizo hewa na maji hupita.

Tena, usiulime ukiwa umelowa. Bana donge mkononi, kisha ulisukume kwa kidole. Likimeguka, lima. Likibonyea tu na kuacha alama inayong'aa, rudisha jembe ndani, ngoja siku chache. Kosa hilo la siku moja huharibu kazi ya msimu mzima.

Nilianza rundo la mboji. Linanuka vibaya na nzi wamejaa. Nimekosea wapi?

Inategemea harufu gani. Likinuka kama mkojo, umeweka vitu vibichi vingi mno: maganda ya jikoni, majani mabichi, samadi mpya. Ongeza vikavu, kama majani makavu, nyasi zilizokauka, vipande vya boksi. Likinuka mayai viza, limekosa hewa, kwa kawaida kwa sababu limelowa kupita kiasi. Lipindue kwa uma wa shambani na uchanganye vikavu vya kutosha.

Kwa kipimo cha macho, weka vikavu mara mbili au tatu ya vibichi. Unyevu uwe wa kitambaa kilichokamuliwa: ukikishika unahisi maji, lakini hayadondoki. Rundo liwe na urefu, upana na kimo cha mita 1 hivi, maana likiwa dogo halipati joto. Likienda vizuri, katikati yake hufika nyuzi joto 55 hadi 65, na ukilifungua asubuhi utaona mvuke ukitoka.

Kuhusu nzi: maganda ya jikoni yafukie katikati, usiyaache juu. Nyama, samaki, mafuta, maziwa, pamoja na vinyesi vya mbwa na paka, visiingie humo kamwe.

Miche yangu inaota vizuri, halafu ghafla inalala chini na kufa. Naimwagilia maji kila siku.

Umejijibu mwenyewe kwenye sentensi ya mwisho. Huo ni kinyausi, ugonjwa unaoletwa na vimelea vya ukungu wanaopenda kitalu kilicholowa na kilichobanana. Ukiuinua mche ulioanguka utaona shina limesinyaa na kuwa jembamba pale linapogusana na udongo. Huo hauponi. Ung'oe na wenzake walio jirani.

Kwa kitalu kijacho, tumia udongo mpya na vyombo vilivyooshwa, sia mbegu kwa nafasi, na usizifukie zaidi ya mara mbili au tatu ya unene wake. Mwagilia asubuhi, uache juu pakauke kabla ya kumwagilia tena. Miche ikifika wakati wa kuhamishwa, izoeshe jua na upepo kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10. Ukiitoa kivulini na kuipanda juani siku hiyo hiyo, majani yataungua.

Nyanya zangu zinakuwa kubwa, zikikaribia kuiva zinaoza upande wa chini, doa jeusi lililobonyea. Nimepulizia dawa mbili tofauti bila mafanikio. Wengine wameniambia nifukie maganda ya mayai.

Acha kupulizia, maana hakuna cha kuua hapo. Kuoza kitako hakuambukizi wala hakuletwi na mdudu. Tunda limekosa madini ya kalisi, na mara nyingi kalisi yenyewe imo udongoni, ila haikufika. Kalisi husafiri ndani ya mmea ikibebwa na maji. Majani hupoteza maji mengi hewani, kwa hiyo huvuta sehemu kubwa ya maji yanayopanda kutoka kwenye mizizi. Tunda halivuti sana, na kitako chake ndicho kilicho mbali zaidi na kikonyo. Udongo ukikauka siku nne kisha ukafurikishwa siku ya tano, kitako ndicho kinachokosa kwanza.

Kwa hiyo tiba ni maji yasiyobadilika-badilika. Pasipo mvua, tuta la mboga huhitaji lita 25 hivi kwa kila mita moja ya mraba kwa wiki, na zaidi kukiwa na joto kali. Zigawe mara mbili au tatu, umwagilie polepole kwenye shina mpaka maji yazame chini, badala ya kurashia juu juu kila jioni. Kurashia hufanya mizizi ibaki juu, na mizizi ya juu ndiyo inayokauka kwanza. Kama huna uhakika, ingiza kidole udongoni hadi kiungo cha pili. Ukihisi unyevu, subiri kesho.

Kisha weka matandazo: nyasi kavu au majani makavu, unene wa sentimita 5 hadi 10, yakiachana kidogo na shina. Kama ningeruhusiwa kumpa anayeanza bustani ushauri mmoja tu, ungekuwa huo wa matandazo. Udongo uliofunikwa haupasuki, haupati joto kali, magugu hupungua, na matone ya mvua hayarushi tope lenye vimelea kwenye majani ya chini.

Maganda ya mayai huoza polepole mno kuliokoa tunda la msimu huu. Yaweke kwenye mboji. Punguza pia mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni nyingi, kwani huchochea majani yanayozidi kuvuta maji. Matunda yaliyooza yachume. Yatakayofuata yatakuwa salama maji yakitulia.

Majani machanga ya pilipili yamejikunja na yananata. Ni ugonjwa?

Geuza jani. Naamini utakuta vidukari, wadudu laini wa kijani au weusi, wamejipanga kwenye mishipa ya jani na kwenye ncha laini ya tawi wakifyonza utomvu. Kile kinachonata ni majimaji matamu wanayoyatoa. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina, huo ni ushahidi mwingine: wanayafuata majimaji hayo, na huwalinda vidukari dhidi ya maadui zao.

Anza kwa maji. Shika tawi kwa mkono mmoja, upige upande wa chini wa majani kwa mpira wa maji wenye nguvu ya wastani. Kidukari aliyeangushwa mara nyingi hawezi kurudi. Rudia baada ya siku mbili tatu. Wakibaki, changanya kijiko cha chai cha sabuni ya maji isiyo kali kwenye lita 1 ya maji, ujaribu kwenye jani moja kwanza, na kesho yake kama halijaungua upulizie mmea wote jua likishapoa. Sabuni huua wale tu inaowagusa, kwa hiyo chini ya jani ndiko kwa kulenga.

Yule mdudu mdogo wa mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi, usimguse. Anakula vidukari, na watoto wake wanakula zaidi yake.

Niweke kokoto chini ya chungu ili maji yatoke vizuri?

Usiweke. Maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo ule ulowe chapachapa, kwa hiyo kokoto zinapandisha tope karibu na mizizi. Jaza udongo mwepesi wenye mboji mpaka chini, na hakikisha chungu kina matundu. Kwa nyanya, chombo kisipungue lita 20.

Ukoka wetu una mabaka makavu, na chini ya mti haukubali kabisa.

Mabaka ya njiani ni udongo ulioshindiliwa na miguu. Choma matundu ya kina cha sentimita 10 kwa uma, tandaza mboji nyepesi juu, uupumzishe. Unapokata, usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu wa nyasi kwa mara moja, na vipande vifupi viache hapo hapo virudi udongoni.

Chini ya mti, acha kushindana. Mti unachukua jua na maji. Weka matandazo, au mimea inayotambaa na kupenda kivuli.

Nataka kupanda mti wa kivuli karibu na nyumba. Umbali gani ni salama?

Uliza kwanza mti huo ukikomaa unakuwa na ukubwa gani, maana mche wa kimo cha goti haukuambii kitu. Kwa mti mdogo mimi hutaka mita 3 kutoka ukutani, na kwa mti mkubwa zisipungue 6. Uepushe na shimo la maji taka na mabomba. Mizizi husambaa mbali kupita kivuli cha matawi, na bomba lenye ufa huivutia kwa unyevu wake.

Shimo liwe pana mara mbili au tatu ya donge la mizizi, lakini kina kiwe sawa na donge lenyewe. Mizizi iliyojizungusha ndani ya kifuko ikate au uifungue, la sivyo itaendelea kuzunguka hadi ije iukabe mti wenyewe. Pale shina linapopanuka kuwa mizizi pabaki juu ya ardhi, paonekane. Rudishia udongo ule ule uliouchimba, kwa sababu shimo lililojazwa udongo mtamu huifanya mizizi isitake kutoka humo. Mboji na matandazo yakae juu, mbali na shina kwa upana wa kiganja. Nguzo ya kuushikilia iweke tu kama upepo unauyumbisha, ufunge kwa kamba laini iliyolegea kidogo, na uiondoe kabla ya mwaka kuisha.