Ripoti yako usimtumie mtu, hata rafiki

Jana nilimsikia mwanafunzi mgeni maabara akimwambia mwenzake, "Nitumie ya kwako nione tu ulivyopanga." Nikasimama. Ni maneno yale yale yaliyoniponza mimi. Kila mwaka yanarudi, na kila mwaka wapo wanaoitikia. Basi wadogo zangu, hebu sikilizeni.

1. Tamko la uaminifu lisome kabla ya kutia sahihi. Najua linakuja katikati ya rundo la fomu, nanyi mnalisaini kama mnavyosaini kupokea vitabu. Sahihi hiyo ina historia: mwaka 1842, katika Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, Profesa Henry St. George Tucker alipendekeza kila mtahiniwa athibitishe kwa maandishi kwamba hakupata msaada. Matamko mengi ya siku hizi yanaongeza kipengele kingine: anayetoa kazi yake inakiliwe anahesabiwa kosa pamoja na aliyenakili. La shule yetu lilikuwa nacho. Sikukiona, maana sikusoma.

2. Usimpe mtu ripoti yako. Tulikuwa na jaribio la kitufe kinachobembea kwenye uzi: uzi wa sentimita 50, mibembeo 20. Nilipata sekunde 28.4, lakini nilipohamishia usomaji kwenye jedwali nikageuza tarakimu, nikaandika 24.8. Jioni rafiki yangu, ambaye hakuwepo siku ya jaribio, akaomba aone mpangilio. Nikampa. Naye akakabidhi jedwali lenye 24.8. Mwalimu hakuhitaji programu ya kulinganisha kazi.

Alituita mmoja mmoja, mimi nikatangulia. Swali lilikuwa fupi: "Ulimpa?" Nikajibu, "Hapana, mwalimu. Labda alichukua daftari langu nilipotoka." Niliutunga uongo ule papo hapo, na ulinitoka bila kigugumizi. Huo ndio unaoniuma mpaka leo, kuliko kule kumpa. Rafiki yangu aliingia ofisini akiwa mtu aliyenakili, akatoka akiwa mwizi. Akapewa sifuri, mzazi wake akaitwa. Mimi nikarudishiwa ripoti nirekebishe tarakimu.

Hakunisema kwa mtu. Alihamisha vitu vyake, akaenda kukaa dawati la mbele karibu na mlango. Wiki tatu nilikuwa nikiutazama mgongo wake kila kipindi, ndipo nikaenda kwa mwalimu kukiri. Rekodi yake ilisahihishwa, na mimi nikapata adhabu niliyostahili tangu mwanzo. Lakini hatukuwahi kusoma pamoja tena hadi tukamaliza shule.

3. Chanzo kiandike pale pale unapochukua maneno, usingoje usiku wa kukabidhi. Kubadilisha maneno mawili matatu hakuifanyi aya iwe yako. Funga kitabu, eleza kwa maneno yako, kisha kifungue uhakiki.

4. Kazi ya kundi: muulize mwalimu mpaka uko wapi, kujadili tu au hata kuandika pamoja. Akili mnemba vivyo hivyo. Uliza kabla ya kuitumia.

5. Usomaji mbaya uache ulivyo. Juzi nimeona jedwali ambalo g, yaani mchapuko wa kitu kinachovutwa na dunia, imetoka 9.8 mara tano mfululizo. Jamani! Saa inasimamishwa kwa kidole cha mtu, halafu 9.8 mara tano? Lete 9.5 yako na ueleze ilikotoka. Maelezo hayo yana alama zake, na sisi tunaosahihisha tunayasoma kwa furaha.

6. Ukishateleza, nenda leo kabla hujaitwa. Sema nani alimpa nani, lini, na kipande kipi. Usitunge chochote. Yule aliyeombwa jana alikuwa ameshaituma ripoti yake nilipomfuata. Alilia kidogo, nami nikamsimulia habari ya 24.8. Tukaongozana mpaka mlango wa mwalimu, akaingia, nikamsubiri nje.