Mama amekutwa na Hashimoto: je, tezi itolewe kabla haijawa kansa?

Pole sana dada, na mpe mama pole yangu. Umeuliza kama Hashimoto hugeuka kansa ya tezi ya shingo, na kama ni heri mama, aliyeko huko Sengerema, atolewe tezi yote mapema kabla mambo hayajaharibika. Mimi nina ugonjwa huohuo, naishi Igoma hapa Mwanza, na kinundu changu cha tezi kimeshachunguzwa kwa sindano inayochota chembe zake.

Tezi haitolewi kwa sababu ya Hashimoto peke yake. Hiyo ni kinga ya mwili inayoishambulia tezi taratibu, miaka na miaka, mpaka inashindwa kutoa homoni za kutosha. Ndiyo maana mama anachoka na kusikia baridi jua likiwa kali. Wapo wanaosema ni ugonjwa wa juzijuzi, hapana: daktari Hakaru Hashimoto wa Japani aliueleza mwaka 1912.

Uhusiano na kansa upo, ila umekuzwa. Watafiti waliochunguza tezi zilizotolewa kwa upasuaji walikuta Hashimoto na kansa ya papilari, aina moja ya kansa ya tezi hii, pamoja mara nyingi. Lakini fikiria, nani hufikishwa kwenye upasuaji? Ni yule ambaye uvimbe wake tayari unatiliwa shaka. Tafiti zilizotegemea majibu ya sindano, kwa wagonjwa ambao wengi wao hawakupasuliwa, ziliona uhusiano hafifu zaidi, nyingine hazikuuona. Halafu sisi wa Hashimoto tunapigwa utrasaundi mara kwa mara, kwa hiyo hata vijikansa vidogo ambavyo visingemsumbua mtu vinaonekana. Na wenye vyote viwili, tafiti nyingi zinaonyesha kansa yao husambaa kidogo kuliko ya wengine. Papilari ndiyo karibu asilimia 80 ya kansa zote za tezi hii, na inatibika vizuri.

Kinachotazamwa hasa ni kinundu. Changu kwenye utrasaundi kilionekana cheusi kuliko nyama iliyokizunguka, kingo zake hazikunyooka, ndiyo maana daktari akataka sindano. Unalazwa chali, mto chini ya mabega, kichwa kinaning'inia nyuma. Sindano ni nyembamba kuliko ya kutolea damu. Kigumu ni kutomeza mate ikiwa ndani: unaambiwa usimeze, na hapohapo koo linataka kumeza. Majibu yalitoka hakuna kansa, na tangu hapo napimwa tena kila daktari anaponipangia. Matezi madogo ya kinga (limfu) yaliyovimba kando ya shingo yasikutishe mno. Kwa Hashimoto ni kawaida, mradi mpimaji ameyaangalia.

Kipo kitu kimoja ambacho sitaki mkipuuze, hasa kwa umri wa mama. Kuna limfoma ya tezi, yaani kansa ya chembe za kinga, adimu sana, lakini hiyo kweli inafungamana na Hashimoto, na huwapata zaidi kina mama watu wazima. Shingo ikivimba ghafla ndani ya wiki chache, sauti ikikwaruza, chakula kikikwama au pumzi ikibana, msingoje kliniki ijayo. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, hamna tena kusubiri kivuko. Mleteni hospitali ya Bugando hapa Mwanza siku hiyohiyo.

Kuitoa tezi nzima "kwa tahadhari" kuna gharama yake: vidonge vya maisha, hatari ya kuumia mshipa wa fahamu wa sauti, na kalsiamu kushuka mpaka vidole vinakufa ganzi. Bora mama ameze levothairoksini yake, dawa ya homoni ya tezi, sawasawa: alfajiri, kwa maji, tumbo tupu, chai ya maziwa isubiri angalau nusu saa. Vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu viachane nayo kwa muda wa saa nne. TSH, homoni inayoiamrisha tezi kufanya kazi, ikikaa juu muda mrefu huzichochea seli za tezi kukua, kwa hiyo kuruka dozi si jambo dogo. Unga wa mwani na matone ya iodini wanayokuuzia, acheni. Iodini ikizidi huichokoza tezi hii. Chumvi ya kawaida yenye madini joto inatosha.

Karatasi ya vipimo vya mama uliyoweka pamoja na swali lako ina TSH na kingamwili tu, utrasaundi siioni. Mwombe daktari ampime shingo, na ripoti muipate kwa maandishi, kila kinundu kikiandikwa ukubwa kwa milimita, ili atakayempima mwakani awe na cha kulinganishia.