Bempton na watoto: nendeni Juni, msiende Agosti kama mimi

Mkuu, umeuliza kama inafaa kuwatoa watoto wawili Leeds hadi Bempton, kwenye magenge ya ndege wa baharini kule pwani ya Yorkshire, Uingereza, kutwa nzima "kuangalia ndege tu". Mimi nipo Hull mwaka wa tisa huu na nimeshakwenda mara nne. Nenda. Ila usiwaahidi watoto pafini.

Mara ya kwanza niliingia kichwa kichwa. Nilikuwa nimeona picha za pafini, kale kandege kenye mdomo wa rangi kama kamepambwa kwa harusi, nikapanga twende Agosti kwa kuwa shule zimefungwa. Binti yangu alikuwa amejaza daftari zima michoro yake. Tunafika, mzee mmoja wa kujitolea anatuambia kwa upole kwamba pafini huondoka Julai, wanakwenda kuishi baharini hadi karibu Aprili. Sikuwa nimesoma. Mtoto alininunia hadi saa sita.

Waliomfurahisha ni ganeti, ndege wakubwa wa baharini ambao hukaa hadi Septemba na zaidi. Mweupe kama kanzu ya Idi, kichwa cha njano, ncha za mabawa nyeusi kama zimechovywa wino, na akiyatandaza yanakaribia mita 2. Nendeni moja kwa moja sehemu inayoitwa Staple Newk, penye jabali lililotobolewa na mawimbi likawa kama lango. Wamejazana pale, kila mmoja amekaa pale tu ambapo mdomo wa jirani haumfiki. Mmoja akirudi kutoka baharini, anasimama na mwenzake kifua kwa kifua, wanagonganisha midomo kama watu wanaonoa visu. Binti akauliza, "Baba, wanagombana?" Nikamwambia wanasalimiana, na kweli ndivyo. Halafu geuzeni macho baharini: ganeti anapanda juu sana, hata mita 30, anakunja mabawa dakika ya mwisho na kuzama kama mkuki. Usoni na kifuani ana vifuko vya hewa chini ya ngozi, ndiyo maana hapasuki.

Sasa kwa nini nasema Juni? Kwa sababu ya gilemoti, ndege mwingine wa baharini. Huyu hajengi kiota. Anataga yai moja juu ya mwamba mtupu, kwenye ukingo mwembamba kama rafu ya jikoni, na kila jike yai lake lina rangi na madoa yake, hivyo analijua kati ya yote. Zamani wenyeji walishuka kwa kamba kuyaokota, mpaka sheria ya 1954 ikakomesha. (Nikawakumbuka watu wetu wanaokwenda visiwani kuokota mayai ya buabua.) Kifaranga akifika wiki tatu hivi, kabla hajajua kuruka, anajirusha jioni hadi baharini, baba yake akimwita kutoka chini. Nilimwona mmoja mwaka juzi, mwanzoni mwa Julai. Kaligonga mwamba, kakadunda kama mpira, nikasema basi, kamekwisha. Kisha nikakaona kwenye darubini kanaelea pembeni ya baba yake, kanapiga kelele.

Mengine ni ya kawaida. Magenge yana urefu wa kama mita 100. Sehemu za kutazamia zina uzio, lakini mdogo mshike mkono. Harufu ni kali, shombo na mavi ya ndege pamoja, mke wangu hajarudi tena. Upepo ulichukua kofia yangu mwezi wa Juni, kwa hiyo jaketi ni lazima hata jua likiwaka. Wasio wanachama wa RSPB, shirika la kulinda ndege la Uingereza, wanalipa kiingilio. Kwa treni shukeni stesheni ya Bempton, mtatembea kama nusu saa, ila kwa watoto bora gari, na wikendi fikeni kabla ya saa nne maegesho hayajajaa. Mkikuta ndege mgonjwa au mzoga, msiguse: mafua ya ndege yaliwaua ganeti wengi 2022.

Pafini wapo pia Juni, wanajificha kwenye nyufa za mwamba. Wa kwetu tulimwona mwaka uliofuata, kwa sekunde kumi labda. Binti akasema, "Kumbe ni kadogo hivi!" akarudi kuwatazama ganeti.