Kutuliza maumivu thieta: maswali kutoka Mwanza na visiwani

*Mama yangu atapasuliwa nyonga hospitali ya Bugando kwa nusu kaputi. Kama amelala, dawa ya maumivu ni ya nini tena? (Msomaji, Nyakato)*

Kulala na kutosikia maumivu ni mambo mawili. Dawa ya usingizi huzima fahamu, lakini neva huendelea kupeleka habari za kisu, na mwili huitikia: ngozi inapochanwa, mapigo ya moyo yaliyokuwa 70 yanaweza kupita 100 na presha ikapanda, ilhali mgonjwa amelala fofofo. Dawa za jamii ya afyuni hupunguza mwitikio huo. Kwa sababu hiyo fentanili, mojawapo ya dawa hizo, hutangulia kisu kwa dakika chache, maana hufikia nguvu yake katika dakika 3 hadi 5, wakati mofini ya mshipani huhitaji kama dakika 20.

*Kwa nini wengine huwekewa mashine ya kusukuma sindano badala ya kuchomwa mara moja? (Sengerema)*

Nguvu ya sindano ya mara moja hupanda kisha hushuka, na upasuaji mrefu haungoji. Mashine husukuma dawa polepole kiasi kwamba jicho halioni sindano ikisogea. Remifentanili, ya jamii hiyo hiyo ya afyuni, hutolewa hivyo, kwa kuwa mwili huivunja ndani ya dakika chache. Mashine ikizimwa, kinga ya dawa hiyo nayo huisha, hivyo ni lazima mgonjwa apewe dawa ya maumivu inayodumu zaidi kabla hajaamka. Fentanili ikisukumwa kwa saa nyingi hujikusanya mwilini na kuchelewa kutoka.

*Nilijifungua kwa upasuaji, nikachomwa ganzi ya mgongo, nikajikuna usiku kucha. Je, nina mzio? (Nansio, Ukerewe)*

Hongera kwa mtoto, mama, na pole kwa usiku huo. Yaelekea ganzi yako ilichanganywa na mofini, ambayo ikiwekwa kwenye maji ya uti wa mgongo huwasha wengi bila kuwa mzio. Vipele, uvimbe wa uso au kubanwa pumzi ni jambo jingine, na likitokea mwite muuguzi mara moja. Kipimo cha mofini hiyo ni kidogo mno. Ampuli ya miligramu 10, isiyo na kihifadhi, huzimuliwa hadi mililita 10, kisha huchukuliwa mililita 0.1 tu, yaani mikrogramu 100, na tone hilo hutuliza maumivu kwa saa 12 hadi 24. Ningependa kila mzazi aelewe kwa nini muuguzi humjia usiku kuhesabu pumzi zake: mofini ya mgongoni inaweza kupunguza upumuaji saa nyingi baada ya upasuaji, na naloksoni, dawa ya kuitangua, inapaswa kuwa karibu.

*Nitakuwa teja? (Igoma)*

Dawa ya thieta pekee, chini ya uangalizi, ni nadra kumfikisha mtu huko. Ila kama unatumia tramado (dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni) au unga (heroini), mweleze mtaalamu wa usingizi, kwa sababu kipimo cha kawaida huenda kisikutoshe. Mweleze siku ya kupimwa kabla ya upasuaji, usingoje mlango wa thieta.